Afishi ya mifupa na maua ya waridi



Barua ya juma hili inatoka kwa mama mmoja ambaye binti yake wa kwanza anaishi Marekani. Binti huyo anafanya kazi, na mwisho wa mwezi hasahau nyumbani. Siku moja walipokuwa wakizungumza kwa video, mama aliona ukutani, nyuma ya kichwa cha binti yake, picha ya mifupa ya mtu imevikwa taji ya maua ya waridi. Akashtuka. Akauliza: hiyo ni nini? Binti akacheka, akasema ni afishi ya konseri ya muziki wa roki ya mwaka 1966, ameinunua kwa dola 150, na anatafuta zingine. Usiku ule mama hakulala vizuri. Sasa anatuuliza mambo mawili. Je, mtoto ameingia katika mambo ya giza? Na hizo dola 150, si zimetupwa, wakati mdogo wake anadaiwa minervali?

Nianze na mifupa, kwa sababu ndiyo iliyomnyima mama usingizi.

Mama, kwa jinsi ulivyoieleza, picha hiyo inajulikana sana. Haikutoka kwa mganga wala katika kikundi cha siri. Aliyeichora kwanza ni Mwingereza, Edmund J. Sullivan, kwa wino mweusi, ili kupamba kitabu cha mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa zamani wa Uajemi. Kitabu hicho kilitoka 1913. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, vijana wawili wachoraji wa San Francisco, Stanley Mouse na Alton Kelley, walikuwa wakipekua vitabu katika maktaba ya mji huo, wakitafuta picha ya kutangazia konseri ya Septemba 1966. Orkestra iliyokuwa itapiga iliitwa Grateful Dead, maana yake wafu wenye shukrani. Walipoona mifupa imesimama katikati ya waridi, nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Wakaitia rangi, wakaizungushia maandishi, wakaipeleka kuchapwa.

Jina hilo la orkestra nalo lina hadithi. Katika nchi nyingi watu wa kale walisimulia juu ya msafiri aliyekuta maiti imenyimwa maziko kwa sababu marehemu aliacha deni. Msafiri akalipa deni kwa pesa yake mwenyewe, maiti ikazikwa kwa heshima, akaendelea na njia yake. Mbele ya safari akapatwa na hatari, akatokea mtu asiyemfahamu akamwokoa. Alikuwa yule marehemu, amekuja kurudisha shukrani. Sisi tunaochanga kwenye kilio cha jirani hata siku ambayo mfuko ni mtupu, hadithi hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hiyo giza, hapana. Lakini sitaki kumpaka mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Muziki huo ulikua pamoja na dawa ya kulevya iitwayo LSD, ambayo humfanya mtu aone rangi na maumbo yasiyokuwapo, na jina la muziki na michoro hiyo, sikedeliki, linatokana na hali hiyo. Jimbo la California liliipiga marufuku dawa hiyo Oktoba 1966, na kuna vijana walioharibikiwa nayo kabisa. Leo mtu anayeweka afishi ya wakati ule ukutani amenunua karatasi, hakununua dawa. Ningekuwa mimi, ningemuuliza binti swali moja kwa upole, ningesikiliza jibu lake hadi mwisho, kisha tungerudi kwenye habari za wajukuu.

Sasa tuwaelewe hawa watu wanaokusanya karatasi.

San Francisco ni mji wa bandari, magharibi mwa Marekani. Kati ya 1966 na 1968 vijana walifurika huko, na kila mwisho wa juma kumbi mbili za muziki zilishindana kuwavuta. Moja ni Fillmore, katika kartye iliyokaliwa zaidi na watu weusi. Aliyekuwa ameukodi ukumbi huo ni mfanyabiashara mweusi, Charles Sullivan, na ndiye aliyemruhusu Bill Graham kufanyia konseri zake pale. Graham mwenyewe alizaliwa Berlin, mtoto wa Kiyahudi, na alifika Marekani wakati wa vita akiwa kijana mdogo bila wazazi. Mama yake aliuawa na Wanazi. Ukumbi wa pili ni Avalon, chini ya Chet Helms na kikundi chake kilichoitwa Family Dog. Kila konseri ilihitaji afishi yake. Kwa hiyo karibu kila juma mchoraji aliketi na siku chache tu mkononi, akatoa karatasi ya kama sentimita 35 kwa 50, ikachapwa, ikapigiliwa kwenye nguzo za umeme na kubandikwa katika madirisha ya maduka. Nyingine ziligawiwa bure mlangoni watu walipokuwa wanatoka. Na hao watu walianza kuzing'oa nguzoni usiku kuzipeleka nyumbani. Graham alipoona hivyo, hakukasirika. Aliagiza zichapwe zaidi.

Ukizitazama kwa mara ya kwanza, husomi kitu. Herufi zimevimba, zimejipinda, zimejaza kila nafasi kama unga uliofurika sufuriani. Aliyeanzisha mwandiko huo kwa nguvu ni Wes Wilson, ambaye aliona mfano wake katika kazi za Alfred Roller, mchoraji wa Vienna mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1966, mwezi wa Julai, Wilson aliandika majina ya wanamuziki kwa herufi nyekundu zenye umbo la moto unaowaka juu ya rangi ya kijani. Mpita njia alilazimika kusimama ili asome. Mwenzake Victor Moscoso, aliyezaliwa Hispania, alikuwa amesoma katika chuo kikuu cha Yale kwa mwalimu Josef Albers, bingwa wa elimu ya rangi. Shuleni alifundishwa kutokuweka pamoja rangi zinazogombana hadi macho yaone zinatikisika. Yeye akafanya kinyume: nyekundu juu ya buluu, chungwa juu ya kijani, na afishi ikawa kama inacheza. Kila mama aliyewahi kuchagua kikwembe sokoni anajua jambo hilo bila kusoma Yale. Kuna vitambaa viwili ambavyo kila kimoja ni kizuri, lakini ukivishona pamoja, mtu anakuona toka ng'ambo ya barabara.

Tuje kwenye dola 150.

Wakusanyaji hawasemi tu "afishi ya zamani". Wanasema namba. Afishi za Graham zinahesabiwa toka 1 hadi 287, na zinaandikwa BG mbele ya namba, kwa herufi za kwanza za jina lake. Za Avalon zinaandikwa FD. Ile ya mifupa na waridi ni FD 26. Baada ya namba wanauliza swali lililo zito zaidi: uchapaji wa ngapi? Afishi iliyochapwa kabla ya konseri, ile iliyokwenda kwenye nguzo, ndiyo ya kwanza. Zile zilizopendwa zilichapwa tena baadaye ili ziuzwe madukani. Kwa macho ya kawaida zinafanana kama mapacha. Tofauti iko katika mambo madogo: unene wa karatasi, upana wa ukingo, neno moja lililoongezwa chini, alama ndogo iliyoondolewa. Eric King alitumia miaka mingi kuandika kitabu kizima cha kueleza tofauti hizo, afishi moja baada ya nyingine, na wauzaji waaminifu wanakitumia.

Halafu kuna za kuiga, zilizotengenezwa bila ruhusa kwa kupiga picha afishi halisi na kuichapa upya. Hapa kuna kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukitumia. Chukua kioo cha kukuzia, tazama mahali ambapo rangi inapaswa kuwa moja, nzito, bila kivuli. Katika afishi nyingi halisi, wino umelala pale wote kama rangi ya mlango. Katika ya kuiga unaona vidoti vidogo vidogo, kama picha ya gazeti. Vidoti mahali pasipopaswa kuwa na vidoti, rudisha karatasi kwa mwenyewe, udai pesa yako.

Mama, FD 26 ya uchapaji wa kwanza, ikiwa safi, huuzwa mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa hiyo binti yako aliyelipa 150 hakupata ya kwanza. Kama muuzaji alimwambia waziwazi kwamba ni ya uchapaji wa baadaye, hakuna aliyemdanganya. Alinunua picha nzuri kwa bei ya picha nzuri. Kama alimwambia "hii ni yenyewe ya 1966", basi kuna neno, na afadhali alijue sasa kabla hajanunua ya pili.

Kuhusu minervali nitasema wazi, hata kama vijana watanikasirikia. Pesa iliyoahidiwa kwa shule ya mdogo ni ya shule. Kama binti aliahidi, atimize kwanza. Lakini akiisha kutimiza, kinachobaki katika mshahara ni chake, na sisi tusikihesabu kwa vidole toka huku. Sisi wenyewe tunanunua kikwembe cha 8 Machi, tunakishona mbiombio, tunakivaa siku moja, na mwaka unaofuata tunataka kingine. Nani anatuita wapotevu? Kila mtu ana kitu kinachomfurahisha macho akirudi kazini amechoka.

Ila asituambie kwamba ni akiba. Hapo ninakataa. Likelemba unajua siku yako ya kupokea. Mbuzi atazaa. Afishi inaning'inia tu, na siku una shida ya pesa, lazima umpate mtu mwingine anayeipenda kama wewe, siku hiyohiyo, naye awe na pesa mfukoni. Kuna waliotajirika, ndiyo. Wengi wao walikuwa wameziweka toka zilipokuwa za bure, bila kuwaza soko. Anayenunua leo anunue kile ambacho atafurahi kukitazama hata kama bei itaanguka.

Na akinunua, atunze. Karatasi ile ilikuwa ya kawaida, haikutengenezwa ili iishi miaka sitini. Jua ndilo adui wa kwanza: afishi iliyoning'inizwa mkabala na dirisha hupauka, na rangi ikiondoka hairudi. Unyevunyevu huleta madoa na ukungu. Skochi huacha alama ya kahawia isiyotoka. Matundu ya pini na mikunjo hupunguza bei, ingawa mimi naona matundu ya nguzo yana haki ya kubaki, maana ndiyo yanayoonyesha kwamba karatasi ilifanya kazi yake. Wakusanyaji huziweka zimelala, ndani ya bahasha au fremu zisizo na asidi, mbali na ukuta wenye maji.

Na tafadhali, asiplastifie! Najua huku kwetu tunaplastifia kila kitu: kadi ya kupigia kura, cheti cha ubatizo, diploma ya mtoto. Tunafikiri tunalinda. Ile plastiki hubandikwa kwa joto, gundi yake huingia katika karatasi, na haitoki tena bila kuharibu. Afishi iliyoplastifiwa, mkusanyaji haitaki hata kwa zawadi. Karatasi zenu za thamani pia, ndugu zangu, ziwekeni katika bahasha safi, juu kabatini, mahali pakavu. Itatosha.

Nimeacha hadi sasa jambo ambalo, kwa mawazo yangu, linatuhusu sisi wamama kuliko bei.

Ukiwauliza wakusanyaji ni nani waliochora afishi hizo, watakutajia watano: Wes Wilson, Stanley Mouse, Alton Kelley, Rick Griffin, Victor Moscoso. Julai 1967 watano hao walifanya maonyesho ya pamoja San Francisco, katika nyumba ya sanaa iitwayo Moore. Wote wanaume. Mwezi huohuo, afishi za Fillmore zilikuwa zinachorwa na mwanamke.

Anaitwa Bonnie MacLean. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1939. Alipofika San Francisco alipata kazi ya ofisi, na Bill Graham ndiye aliyekuwa mkubwa wake kazini. Graham alipoanza mambo ya konseri, Bonnie akawa pamoja naye. Ndani ya ukumbi kulikuwa na ubao wa kuandikia majina ya orkestra zitakazokuja juma linalofuata, na kazi ya kuuandika ikamwangukia yeye. Angeweza kuandika kwa mwandiko wa kawaida tu. Yeye aliupamba ubao, watu wakawa wanasimama kuutazama. Kisha unafutwa, anaanza upya.

Mwaka 1967, mwezi wa Mei, Wilson na Graham waligombana juu ya malipo. Wilson aliondoka, na katika afishi yake ya mwisho alichora nyoka mwenye alama ya dola. Kila mtu alielewa. Konseri za juma lililofuata zilihitaji afishi, na mchoraji hayupo. Bonnie akaacha chaki, akashika kalamu. Juni mwaka huo yeye na Graham walioana.

Ni rahisi kusema alipewa kazi kwa kuwa ni mke wa mwenye ukumbi. Lakini cheo cha mke wa mwenye ukumbi hakichori. Mtu asiye na mkono wa kuchora angeshindwa juma la kwanza, na juma la pili watu wangeziacha afishi nguzoni zinyeshewe. Bonnie alichora zaidi ya 30. Mwanzoni alifuata herufi za Wilson, maana watu walikuwa wamezizoea. Kisha zikaja nyuso zake: nyuso ndefu, tulivu, kama zile za vioo vya rangi katika makanisa ya zamani ya Ulaya. Katikati ya kelele zote za rangi za wenzake, nyuso za Bonnie hazipigi kelele. Mimi binafsi ndizo ninazozipenda kuliko zote, hata kuliko mifupa.

Mwaka 1968 alijifungua mtoto wa kiume, na afishi zikawa kazi ya wengine. Baadaye ndoa ilivunjika. Alirudi upande wa mashariki, Pennsylvania, akaendelea kuchora. Graham alikufa katika ajali ya helikopta mwaka 1991. Wilson alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 82, na Bonnie akamfuata Februari, hata majuma mawili hayajapita, akiwa na miaka 80. Wakati huo karatasi zao zilikuwa zimeingia katika majumba ya makumbusho, zake pamoja na za wale watano.

Ninapofikiria ubao ule wa chaki, ninafikiria vikundi vyetu. Nani aliandika banderoli ya chama chenu mwaka jana? Nani alidarizi kitambaa cha meza mlichompelekea mgeni rasmi? Sherehe ikiisha, banderoli inafungia mzigo wa makaa, na jina la aliyeiandika halimo hata katika ripoti ya sekretari. Ninaomba jambo dogo tu: mara ijayo, kwenye kona ya chini, aandike jina lake na mwaka. Bonnie aliyoyaandika kwa chaki hayakubaki. Yaliyobaki ni yale yenye jina na tarehe.

Basi mama, ukizungumza tena na binti yako, mwambie kwamba kama lazima anunue ya pili, aulizie BG 75. Ni ya Julai 1967, ya orkestra za Yardbirds na Doors, kazi ya Bonnie MacLean. Achukue kioo cha kukuzia, aulize ni uchapaji wa ngapi, na asilipe kitu kabla risiti ya minervali haijafika kwako.